Je, Mwanamichezo Chipukizi Apumzike Msimu Unapokwisha?

Mleta hoja: Vituo vingi vya mazoezi siku hizi vina programu za msimu kwa vijana wa miaka 10 hadi 16: nguvu na kasi kabla ya mashindano, kulinda kiwango wakati wa mashindano, kisha programu nyingine mara ligi inapokwisha, hata kijana hujikuta mazoezini mwaka mzima. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilishauri mwaka 2016 kwamba kijana akae mbali na mchezo wake mkuu kwa jumla ya miezi 3 kwa mwaka, akiigawa mwezi mmoja mmoja, na apumzike siku 1 au 2 kila wiki. Je, programu hizi zinaacha nafasi hiyo?

Kocha: Kugawa mwaka kwa vipindi si hila ya wafanyabiashara. Lev Matveyev, mtaalamu wa nadharia ya mazoezi, aliyaeleza haya katika Umoja wa Kisovyeti tangu miaka ya 1960, na kipindi cha mpito, yaani cha mazoezi mepesi baada ya mashindano, kimo ndani ya mpango wenyewe. Kijana aliyeachwa alale miezi 3 hurudi hana pumzi, akalazimishwa kufidia kwa haraka, na hapo ndipo anapoumia. Kosa si la programu bali la wazazi wanaotaka medali walizozikosa wao zivaliwe na watoto wao.

Mzazi: Kocha, nilikuwa nawe mpaka sentensi ya mwisho. Mwanangu ana kocha wa shule, wa klabu na wa nguvu, na hao watatu hawajawahi kuzungumza; kila mmoja anazijua saa zake tu, kisha lawama inanirudia mimi. Tena ni ninyi mnaowapa vyuma watoto wa miaka 11, vyuma vinavyowadumaza.

Mtaalamu wa viungo: Vyuma havidumazi, mama. Mazoezi ya nguvu yanayosimamiwa, yanayoanza na mkao sahihi kabla ya uzito, hayazuii kurefuka. Wanaofika kwangu wanalalamikia goti, chini kidogo ya kilegesambwa, au kisigino, mahali ambapo kano kubwa huvuta mfupa ambao bado unakua. Hayo huletwa na kuruka na kukimbia kulekule kila siku.

Msomaji: Mbona basi wanyanyua vyuma wengi ni wafupi?

Mtaalamu wa viungo: Kwa sababu mwenye mikono na miguu mifupi huinua chuma kwa safari fupi zaidi, mchezo ukamchagua. Mpira wa kikapu nao haujamrefusha mtu.

Mchezaji mstaafu: Tumeingia kwenye vimo na kuliacha swali. Nakumbuka muda wa mapumziko ni miezi 4, si 3. Tena Tiger Woods, bingwa wa gofu, alionekana kwenye televisheni na fimbo ya gofu akiwa na miaka 2, angepumzishwa, tungemjua?

Mleta hoja: Ndugu, miezi 4 ni ya warushaji wa besiboli, wanaotakiwa wasirushe kabisa kwa muda huo, angalau 2 hadi 3 ikifuatana. Na ukimtaja Woods, mtaje pia Usain Bolt, bingwa wa mbio fupi, aliyeanza na kriketi. Jina moja halithibitishi chochote, liwe lako au langu.

Kocha: Mnachanganya kupumzika kutoka kwenye mchezo na kuupumzisha mwili wote. Mkimbiaji anayeogelea na kucheza mpira na wenzake kwa mwezi mmoja, bila saa wala mpinzani wa kumfuata, amepumzika na bado ana pumzi. Hilo ndilo ningeliweka baada ya ligi, si programu ya kasi.

Mzazi: Hilo nalikubali kabisa, ila ulianza kwa kuwatetea wanaouza programu ya kasi. Kuna kanuni isemayo saa za mazoezi rasmi kwa wiki zisizidi umri wa mtoto. Wa miaka 12, saa 12. Nikijumlisha za makocha wote watatu, wangu amepita hapo, ingawa hakuna hata mmoja wao aliyekosea kwa hesabu yake mwenyewe. Nani kati yao atakubali kupunguza za kwake, na ada yake je?

Kocha: Apunguze wa nguvu kipindi cha mashindano, na wa klabu ligi inapokwisha. Kuhusu ada, muulize kabla ya kujiandikisha, na kuhusu medali, sijafuta neno.