Msimamizi alitia saini andiko bila kulisoma, leo mimi ndiye ninayerudia utafiti

Wakuu, habari za jioni. Humu nimekuwa msomaji tu kwa miaka mitatu, leo hasira imenitoa. Uzi ni mrefu, atakayevumilia avumilie.

Nasoma mwaka wa mwisho wa shahada ya sayansi, upande wa mikrobiolojia, chuo kimojawapo hapa Dar. Chuo sikitaji na msimamizi wangu simtaji, nitamwita Dokta kama tunavyomwita wote. Wiki iliyopita nimetetea utafiti wangu mbele ya jopo, nikaambiwa nirudi mtaani nikakusanye data upya. Zote. Mahafali ya mwaka huu nitayaangalia kwenye simu za wenzangu.

Utafiti wenyewe ulikuwa kulinganisha uchafuzi wa kinyesi kwenye visima vifupi vya Manzese na vya Tandale. Mada hii sikuitunga kitandani. Kipindupindu kilicholipuka Dar mwezi wa nane 2015 watu wa mitaa ile wanakikumbuka vizuri, na hadi leo kisima na choo cha shimo unakuta vimeachana hatua chache tu. Kipimo hakina uchawi. Unapitisha mililita 100 za maji kwenye utando wenye vitundu vya mikromita 0.45, bakteria wanabaki juu, utando unaulaza kwenye sahani yenye chakula chao, unaingiza kwenye inkubeta ya nyuzi 44.5 kwa saa 24, kesho yake unahesabu makoloni, yaani vidoa vya bakteria waliozaliana. Shirika la Afya Duniani linataka maji ya kunywa yasionekane na E. coli, bakteria wa kinyesi, hata mmoja katika mililita 100.

Andiko la utafiti, yaani mpango unaoandikwa kabla ya kuanza kukusanya data, nilimpelekea Dokta mwezi wa kumi na moja. Ukurasa wa 11 nilikuwa nimejiwekea alama kwa herufi kubwa na rangi ya njano: TAFUTA REJEA YA HAPA. Nikasahau kuifuta. Baada ya siku tatu andiko likarudi na saini yake, na maneno yangu ya njano yapo palepale, hayajaguswa hata kwa kalamu. Mimi kwa ujinga wa ugeni nikashukuru Mungu, nikawapigia nyumbani kwamba limepita mara ya kwanza.

Sasa sikilizeni hili la barua. Manzese iko Manispaa ya Ubungo, Tandale iko Kinondoni. Manispaa mbili, maana yake barua mbili za utambulisho, na zote zinaanzia kwa msimamizi. Ya Ubungo ilitoka Januari. Ya Kinondoni ilikaa mezani kwake kuanzia mwanzo wa Februari hadi mwisho wa Machi. Nilimtumia ujumbe mara tisa, tiki zote za bluu. Nikienda ofisini naambiwa yuko kikaoni, njoo wiki ijayo. Wiki ijayo ikifika, yuko safarini. Barua ya mistari sita!

Kwa hiyo maji ya Manzese niliyachota Februari, ardhi kavu, vumbi tupu. Ya Tandale niliyachota Aprili, masika imekolea, maji yametuama mpaka vizingitini, na kila anayeishi uswahilini anajua mvua ikinyesha watu wanafanya nini na vyoo: wanatapisha. Kinyesi kinaelea mtaani. Mimi nikapima, nikalinganisha, nikaandika kwamba Tandale ni chafu kuliko Manzese.

Kwenye utetezi, mama mmoja wa jopo aliniuliza swali moja tu. "Binti, hii tofauti ni ya mitaa au ni ya mvua?"

Sikuwa na jibu. Hakuna jibu. Ukichota mtaa mmoja kiangazi na mwingine masika, huwezi tena kutenganisha kipi kimesababisha nini, hata uweke takwimu za aina gani juu yake. Swali lake lilikuwa la haki kabisa na simlaumu hata chembe. Ninachouliza ni kwa nini swali hilo nalisikia Julai na si Novemba. Ratiba ya kuchota maji nilishaiandika kwenye andiko. Na hata kama Novemba mvua haikuonekana, Machi mwishoni alipotia saini barua ya pili, mtu mwenye shahada ya uzamivu kwenye fani hii alitakiwa aniambie neno moja: rudi Manzese, chota upya, mitaa yote miwili wiki moja. Nilikuwa bado na muda.

Kilichonichoma moyo zaidi ni kwamba Dokta alikuwemo chumbani. Alipoulizwa na mwenyekiti wa jopo, akasema, "Hilo nilishamwambia mapema." Wakuu, hakuniambia. Nimeperuzi mazungumzo yetu yote ya WhatsApp tangu Oktoba. Neno mvua halimo. Nilimtazama, akatazama karatasi zake. Nikanyamaza, maana ningembishia mbele ya watu ningeonekana sina adabu, na bado ndiye mwenye kalamu ya alama zangu.

Si hilo tu. Siku ya kwanza nilichuja mililita 100 kwa kila kisima kama kitabu kinavyosema. Kesho yake sahani zote zimejaa kama zulia, hakuna cha kuhesabu. Kipimo hiki kinasomeka vizuri makoloni yakiwa kati ya 20 na 60, na kisima kifupi cha karibu na choo hakiwezi kukupa idadi hiyo kwa mililita 100. Aliyenifundisha hilo ni kaka mmoja fundi wa maabara, ambaye si kazi yake wala halipwi kwa ajili yangu. Aliniambia maji ya aina ile chuja mililita 100, kisha 10, kisha 1, utapata sahani moja inayohesabika. Akaniuliza na blanki yangu iko wapi, yaani yale maji yaliyotakaswa kwenye otoklevu unayoyachuja katikati ya sampuli ili ujue uchafu hautoki kwenye vyombo vyako. Sikuwa nayo. Andiko langu lenye saini halikuwa nayo. Wakati huo visima vinane vimeshateketea, na tando nilinunua kwa bumu langu mwenyewe.

Kuna na mambo ya kila siku ambayo mtu aliyewahi kuyafanya angekutajia kwa dakika tano za chai. Maji uliyochota saa 1 asubuhi yanatakiwa yawe kwenye barafu na yawe yamepimwa kabla ya saa 7 mchana, kwa hiyo foleni ya Barabara ya Morogoro ni sehemu ya utafiti wako. Unachopanda Ijumaa kinasomwa Jumamosi, na Jumamosi maabara yetu imefungwa. Nilipoteza Ijumaa mbili kabla sijajua. Nilikuwa napanda mwendokasi nimekumbatia deli la barafu, abiria wananiuliza nauza lambalamba za ladha gani.

Najua watakaokuja kusema chuo kikuu ni kujitegemea, sisi kizazi cha kutafuniwa. Hapana jamani. Kuchota nimechota mwenyewe, kupima nimepima mwenyewe, kuandika nimeandika usiku. Ninachodai ni mtu mzoefu kusoma kurasa 18 kabla sijatumia miezi sita na fedha za mkopo. Kwenye sayansi kosa la muundo halirekebishiki mwishoni kama kosa la herufi. Sura ya kwanza utaandika upya kwa usiku mmoja, Februari huwezi kuirudisha. Na najua ana mzigo, kwenye orodha ya ubao wa matangazo tumeandikwa 17 chini ya jina lake. Basi chuo kimpunguzie, au yeye aseme hawezi. Kutia saini kitu ambacho hujakisoma si kuelemewa na kazi.

Jopo lile lile lililonihoji Julai lingeketi nami saa moja Novemba, nisingekuwa hapa. Ndiyo ombi langu kwa yeyote mwenye sauti vyuoni: andiko lihojiwe kwa ukali ule ule wa ripoti, na kuwe na fomu ya vikao yenye tarehe, inayosainiwa na pande zote mbili, ili siku ya siku asitokee mtu akasema "nilishamwambia".

Wadogo zangu wa mwaka wa pili mnaosoma hapa, msifanye kama mimi. Saini ikirudi haraka, rudi ofisini uombe akuulize maswali. Pima visima vitatu vya majaribio kabla hujanunua boksi zima la tando. Mtafute mtu wa takwimu kabla ya kuchota, ukiwa bado unaweza kubadili kitu. Na kila mnachoongea na msimamizi kwa mdomo, jioni yake mtumie kwa barua pepe, hata mistari mitatu: leo tumekubaliana hivi na hivi. Daftari la maabara liwe na tarehe na saa kila ukurasa. Mimi langu limenisaidia angalau kuonyesha barua ilitoka lini.

Kuna mama mmoja Tandale, mwenye kisima, ambaye nyumba zaidi ya kumi zinachota kwake. Siku ninachukua sampuli aliniambia, "Mwanangu, majibu ukiyapata utuletee, wengine huwa wanachukua hawarudi." Jumamosi nimerudi kwake. Data yangu haifai kulinganisha mitaa, lakini sahani zile zilizojaa zinatosha kumwambia asinywe wala asimpe mtoto bila kuchemsha au kutia dawa ya klorini. Nimemwambia. Akanikalisha, akanipa chai, akaniuliza kama nimefaulu.

NYONGEZA: Wanaouliza kwa nini sikubadilisha msimamizi, fomu ya kubadilisha inadai saini ya msimamizi unayemwacha. Niliichukua Machi, ninayo bado.

NYONGEZA 2: Mkopo umeshakata, narudia kwa fedha za nyumbani. Jumatatu naanza, Manzese alfajiri na Tandale kesho yake. Kama kuna mtu amemaliza utafiti wake akabakiwa na tando za mikromita 0.45 ambazo hazijafunguliwa, naomba aniandikie inbox, nitamfuata popote alipo hapa mjini.