Mjadala: Je, miongozo ya fasihi ipigwe marufuku shuleni?

Swali lililo mezani ni kama miongozo ya vitabu teule vya Kiswahili, yaani vijitabu vya muhtasari na uchambuzi vinavyouzwa sambamba na riwaya na tamthilia zinazotahiniwa katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari nchini Kenya, iendelee kuruhusiwa shuleni au ipigwe marufuku. Wengi waliotangulia kuchangia wameitetea kwa hoja kwamba inawaokoa wanafunzi dhaifu. Mimi ni msomaji mzee wa Mombasa, sijawahi kufundisha, na rai yangu ni kwamba mwongozo usiingie darasani kabla mwanafunzi hajafika ukurasa wa mwisho wa kitabu chenyewe.

Nina mjukuu wa kidato cha tatu. Nilimwomba anisimulie riwaya wanayoisoma, akanitajia maudhui, sifa za mhusika mkuu na ufaafu wa anwani bila hata kutua. Lakini nilipomuuliza kama mhusika huyo ni mtu wa kusema kwa mafumbo au wa kutamka mambo waziwazi, alikosa la kujibu. Riwaya ilikuwemo mkobani, kurasa za mwanzo zimechakaa na za mwisho zingali zimeshikana tangu zilipotoka kwa mpiga chapa.

Sisi tuliosoma kabla ya mwaka 1985, Kiswahili kilipofanywa somo la lazima lenye kutahiniwa chini ya mfumo wa elimu wa 8-4-4 (miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu), hatukuwa na akili kuwashinda watoto hawa. Tulisoma ovyo, chochote kilichotufikia, tena kingine cha kipuuzi. Hata hivyo, Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, kilichotoka mwaka 1960, tulikisoma mpaka mwisho kwa sababu tulitaka kujua ni nani aliyeua, na mtu ambaye angetutajia muuaji mapema tungemnunia. Katika kumfuata mpelelezi wake, Bwana Msa, na kiko chake tuliokota misemo ya Unguja ambayo sisi wa Mvita hatukuwa nayo, na ambayo hakuna mtahini aliyepata kutuuliza. Lugha huingia hivyo, kupitia mazungumzo marefu ya wahusika, maelezo ya nyumba na chakula, na yale masengenyo ya mawifi ambayo mwongozo huyafupisha kwa mstari mmoja usemao kwamba mwandishi ametumia kejeli.

Jibu la mwalimu wa kidato cha nne:

Shikamoo mzee. Nakubaliana nawe kuhusu mawifi, ila naomba uitazame karatasi ya tatu ya Kiswahili jinsi ilivyo. Mtahiniwa hujibu maswali manne kwa saa mbili na nusu, jumla alama 80. Akipewa dondoo na kuambiwa aeleze muktadha wake kwa alama nne, anatakiwa kutaja msemaji, msemewa, mahali na sababu ya maneno hayo kusemwa. Mwanafunzi aliyeipenda riwaya hata akalia nayo, lakini akasahau kwamba maneno yalisemwa hospitalini wala si nyumbani, anapoteza alama. Mwenzake aliyekariri orodha ya mwongozo anaipata. Mtihani ndio uliouzaa mwongozo, na ukiupiga marufuku utasambazwa kwenye WhatsApp usiku uo huo.

Kisha kuna gharama. Tangu mwaka 2013 vitabu hutozwa VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16, na mzazi anatakiwa kupata riwaya, tamthilia na diwani ya hadithi fupi. Darasani kwangu wanafunzi watatu hutumia nakala moja, na wengi wao wakitoka hapo huzungumza Sheng, ile lugha ya vijana wa mitaani, mpaka asubuhi inayofuata. Nimewahi kuandika mwongozo mmoja mwenyewe, sioni haya kusema, na malipo yake yalinisaidia karo.

Jibu la mzee:

Marahaba, mwalimu, na heri ya karo. Hoja yako ya mtihani ina uzito kuliko yangu, kwa hiyo nahamia huko. Kwa nini mtahiniwa asiruhusiwe kuingia na riwaya yenyewe katika chumba cha mtihani, nakala safi isiyoandikwa kitu pembezoni? Swali la nani alimwambia nani, na wapi, litakufa siku hiyo hiyo kwa kuwa jibu liko mbele yake, na mtahini atalazimika kuuliza mambo ambayo asiyesoma kitabu hawezi kuyapata kwa kupekua harakaharaka. KCSE ya mwisho imepangwa kufanywa mwaka 2027, na wanaotunga mitihani ya mtaala mpya wa umilisi wana nafasi ambayo wenzao wa 8-4-4 hawakuitumia.

Najua utaniuliza wale wanafunzi watatu wa nakala moja watakaaje katika chumba hicho. Hapo ndipo ushuru wa vitabu unapohusika, maana mpango wangu hauwezekani bila kila mtahiniwa kuwa na nakala yake, na sioni serikali itasemaje kwamba inataka watoto wasome huku ikikata asilimia 16 mlangoni mwa duka la vitabu. Kuhusu marufuku, sijabadilika kwa madarasa yaliyo chini ya kidato cha nne. Kidato cha nne nakuachia wewe, kwa kuwa ndiwe utakayeulizwa na wazazi matokeo yakitoka.