Msaada: "quedar" ya Kihispania inanichanganya

Mpanda Kili
Wakuu habari zenu. Naongoza wageni Kilimanjaro, na kuna kundi la Wahispania linakuja mwezi ujao. Tumeanza kuandikiana, nakutana na neno moja kila mahali: quedar. Mmoja kaandika "¿A qué hora quedamos?", mwingine "las botas me quedan pequeñas", wa tatu anauliza hoteli "dónde queda". Kamusi yangu inasema "kubaki" tu. Nikariri kila maana au kuna njia? Kutoelewana mlimani ni hatari.

Binti Pangani
Mkuu, tazama maneno yaliyo jirani nalo. Nguo au viatu vikitajwa pamoja na "me", ni habari ya kukaa mwilini: huyo mgeni buti zinambana, mtafutie za kukodi mapema. Ikifuata "con" (pamoja na) na mtu, au ikiulizwa saa kama huyo wa kwanza, ni miadi. "Quedamos en salir temprano" ni tumekubaliana kutoka mapema. Na "dónde queda" ni iko wapi, kwa jengo au mji, siyo kwa mtu.

Kakamwalimu
Naongezea la mlimani, maana hili ni zito. "Me queda poca agua": maji yangu yamebaki kidogo. "Me quedo aquí": mimi nabaki hapa, siendelei. Tofauti ni herufi moja mwishoni! Mgeni akikuambia la pili mkiwa mnakaribia Stella Point, kule juu karibu na kilele, simama umsikilize. Akiuliza "¿cuánto queda?" anataka kujua imebaki safari kiasi gani.

Mpanda Kili
Asante sana, hiyo ya queda na quedo naiandika kwenye daftari leo leo. Sasa "quedamos a las seis" ni tukutane, au tulishakubaliana?

Binti Pangani
Yote mawili, maana umbo la sasa na la wakati uliopita ni lile lile. Ukiona "ayer" (jana) au "como quedamos" (kama tulivyokubaliana), anakukumbusha mlichopanga. Wa Mexico au Argentina kwa miadi wangekuambia zaidi "nos vemos", yaani tuonane. Halafu seis yao ni saa 12 yetu, kwa hiyo mjibu "a las seis de la mañana", asubuhi itajwe kabisa.

Mzee wa Kamusi
Kijana, asili yake ni Kilatini quietare, kutuliza. Mbona Kiswahili kinakusaidia? Tunasema "kaa hapa", na pia "suruali imekukaa". Anzia hapo.