Mama anatoka wafarini kwenda apiksabani: anaanza lini na dozi gani?

#1 Nusu Kidonge
Wakuu, heshima kwenu. Mama ana miaka 67, ana presha, na moyo wake unapiga bila mpangilio. Kipimo cha umeme wa moyo kilisema ni atriali fibrilesheni. Yuko kwenye wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ili asipate kiharusi, lakini INR (kipimo cha damu inavyochelewa kuganda) haitulii: vipimo vitano vya mwisho ni 1.7, 2.3, 4.6, 1.9, 2.8. Kila mara sindano, mkono umejaa michubuko. Nasikia apiksabani, dawa mpya ya kazi hiyo hiyo, haina habari ya kupima INR. Swali ni moja tu: dozi gani, na inaanza lini baada ya kuacha wafarini? Naomba nisitishwe, nijibiwe.

#2 Tembe Mbili
Wafarini inaachwa, INR inapimwa, ikishuka chini ya 2 apiksabani inaanza. Miligramu 5 asubuhi, 5 jioni. Inashushwa hadi 2.5 mara mbili kwa siku pale tu mgonjwa ana mawili kati ya haya matatu: miaka 80 au zaidi, kilo 60 au pungufu, kreatinini ya damu (kipimo cha figo) 133 maikromoli kwa lita au zaidi. Moja halitoshi. Hapo ndipo wengi huteleza: wanaona mtu mzima, wanampa nusu dozi "kwa usalama", kisha bonge la damu linatoka moyoni kwenda kwenye ubongo huku anameza dawa kila siku.

#3 Chumvi Kidogo
Presha yake ni ngapi? Hilo hamuulizi. Mtu mwenye 170 juu ukimpa dawa ya kuzuia damu kuganda, iwe mpya iwe ya zamani, unamwongezea hatari ya kuvuja damu kichwani. Shusheni presha kwanza, acheni diklofenaki na ibuprofeni za maumivu ya magoti, halafu ndiyo mje kubishana majina ya vidonge. Watu wanapenda dawa mpya kuliko kazi ya kila siku.

#4 Panya Mstaafu
Wafarini ilianza kuuzwa kama sumu ya panya mwaka 1948, binadamu wakaanza kutibiwa nayo 1954. Sisi wa ukoo wa panya hatukuwahi kupimwa INR hata mara moja, na matokeo yake mnayajua.

#5 Daftari la INR
Mleta mada, maswali mawili. Kabla ya ile 4.6 mama alikunywa dawa gani nyingine? Na eko ya moyo (picha ya mawimbi ya sauti) ilisema nini kuhusu valvu, yaani milango ya moyo?

#6 Nusu Kidonge
4.6 ilikuja baada ya antibayotiki ya metronidazoli ya siku saba. Ile 1.7 alikuwa ameruka dozi mbili. Eko walisema mambo ya kawaida, sioni inahusianaje. Mimi nimeuliza dozi.

#7 Daftari la INR
Basi INR yake haiyumbi ovyo, inasukumwa. Metronidazoli inazuia ini lisiiondoe wafarini mwilini, kwa hiyo dawa inajikusanya na INR inapanda. Flukonazoli na kotrimoksazoli ni hivyo hivyo. Bila shaka baada ya 4.6 mkapunguziwa dozi, antibayotiki ikaisha, ikaanguka 1.9. Dawa ya namna hiyo ikiandikwa, kliniki ya INR iambiwe siku hiyo hiyo na damu ipimwe ndani ya siku tatu hadi tano, si kungoja tarehe ya kawaida. Ukiniuliza, safu hiyo ya namba ni ya mtu anayeweza kutulia kati ya 2 na 3.

Sasa valvu. "Mambo ya kawaida" si jibu. Soma karatasi.

#8 Nusu Kidonge
Haya. Imeandikwa valvu ya mitrali imekuwa nyembamba, chanzo homa ya baridi yabisi ya utotoni. Lakini haumwi, anapanda ngazi vizuri. Na ili mnielewe: wafarini tumeshaacha, leo siku ya tano. Anameza aspirini ya miligramu 75 wakati tunasubiri apiksabani. Sikumwacha mtupu. Nilitaka mnithibitishie tu.

#9 Tembe Mbili
Nafuta jibu langu la #2. Kwa valvu hiyo halitumiki, na nilipaswa kuuliza kwanza. Mitrali iliyobana kwa kiasi cha kati au zaidi, au valvu ya chuma, ni wafarini. Utafiti wa INVICTUS wa 2022 uliwachukua wagonjwa wenye moyo ulioharibiwa na homa hiyo pamoja na atriali fibrilesheni, ukalinganisha rivaroksabani, ndugu wa apiksabani, na dawa za kundi la wafarini. Waliokuwa kwenye kundi la wafarini walikufa wachache zaidi, na hawakuvuja damu zaidi.

#10 Shuku Mwanzo
Wadau, mnachoteka hapa ni chai. Hesabuni: miaka 67, presha, metronidazoli, valvu iliyobana, aspirini ya kujazia pengo. Mitego yote ya mtihani ndani ya mgonjwa mmoja, na inatoka mmoja mmoja kadiri anavyobanwa. Huyu ana karatasi ya maswali mbele yake. Kijana, mama ana alama ngapi za hatari ya kiharusi?

#11 Chumvi Kidogo
Umri 1, presha 1, mwanamke 1. Tatu.

#12 Shuku Mwanzo
Mbili. Mwongozo wa Ulaya wa 2024 umeondoa jinsia.

#13 Daftari la INR
Nyote mmekosa. Mwenye valvu iliyobana hivyo hahesabiwi alama kabisa, anapewa dawa hata akiwa na sifuri. Na iwe chai au si chai, aspirini haishiki nafasi ya wafarini. Utafiti wa AVERROES wa 2011 uliilinganisha na apiksabani kwa watu wasiofaa wafarini: kwenye apiksabani viharusi vilipungua kwa zaidi ya nusu, na kuvuja damu kukubwa kukakaribiana. Yaani aspirini inatoza gharama ile ile ya damu kwa kinga ndogo.

#14 Nusu Kidonge
Shuku, nanakili neno kwa neno: "eneo la valvu ya mitrali sentimita za mraba 1.2, chumba cha juu kushoto kimepanuka." Leo asubuhi nimempeleka kupima. INR 1.2. Mtihani gani una mama anayeniuliza kwa nini uso wangu umebadilika?

#15 Daftari la INR
Eneo la valvu chini ya 1.5 ni kubana kwa maana. Damu inatuama kwenye chumba hicho kilichopanuka, na kwa INR 1.2 hana kinga. Piga simu kwa daktari wake sasa hivi, si kesho. Usimpe wafarini maradufu kufidia: inachukua siku tano au zaidi kufanya kazi kamili, ukizidisha leo utaikuta INR 6 wiki ijayo. Daktari ataamua kama anahitaji heparini ya sindano, inayozuia kuganda haraka, katikati. Uso ukipinda upande, mkono ukilegea au maneno yakigongana, hospitali mara moja, na uandike saa aliyoonekana mzima mara ya mwisho. Dawa ya kuyeyusha bonge ina dirisha la saa nne na nusu, na wataulizia wafarini kabla ya kuichoma.

#16 Shuku Mwanzo
Naondoa neno langu. Mpeleke.

#17 Nusu Kidonge
Tumerudi. Wafarini imeanza tena kwa dozi yake ya zamani, miligramu 7.5, pamoja na enoksaparini, aina ya heparini ya sindano, mpaka INR ifike 2. Aspirini imeondolewa. Damu tena baada ya siku tatu. Ila kile kidonge cha miligramu 5 tunachokata nusu kinamung'unyika, upande mmoja unabaki unga. Nimpe tu?

#18 Tembe Mbili
Usimpe unga, hujui una kiasi gani. Omba vya nguvu tofauti, kwa mfano 5, 2 na 1, na hiyo 7.5 igeuzwe 7 siku moja na 8 siku ya pili. Wastani ni ule ule na hakuna kisu. Lakini daktari aiandike yeye, na kwenye daftari uandike miligramu, si idadi ya vidonge.