Bagamoyo au Kibaha? Mkoa mmoja lakini maneno yake hayafanani kabisa

mama_wawili:
Habari zenu wadau, naomba mawazo hasa kwa wenyeji wa Pwani. Mimi na mume wangu tumechoka kupanga Dar, tunatafuta kiwanja tujenge, na tumebaki na sehemu mbili tu, Bagamoyo au Kibaha. Sasa kila ninayemuuliza ananipa maneno. Nikitaja Bagamoyo naambiwa kule uchawi mtupu, watu wavivu wanashinda barazani, usiku ngoma, watoto hawatosoma. Nikitaja Kibaha naambiwa pale pa kuchimba dawa tu basi linaendelea, wote wakuja, hakuna anayemjua jirani yake, ukipata msiba utazika na familia yako basi. Nimefika kote kwa kupita tu kwa hiyo siwezi kubisha. Naombeni mniambie haya maneno yanatoka wapi na yana ukweli kiasi gani, maana naenda kulea watoto huko.

mtoto_wa_dunda:
Dada yangu karibu. Mimi mzaliwa wa Bagamoyo, baba Mkwere mama Mzaramo, na hili neno la uvivu linaniuma sana kwahiyo nivumilie nitaandika marefu.

Mgeni anafika saa nne asubuhi anakuta wanaume wanacheza bao, tayari ameshahukumu. Hajui wengine hapo wametoka baharini alfajiri, wamevua usiku kucha, samaki wameshanadiwa pale sokoni ufukweni na hela imeshafika nyumbani. Nenda Mlingotini ukaone akina mama wanaolima mwani, wao wanafuata maji, yakitoka saa kumi na mbili wanaingia saa kumi na mbili, yakitoka mchana wanaingia na jua lote kichwani. Ratiba ya bahari haifanani na ya ofisini, na mtu wa ofisini akija anapima kwa saa yake.

Halafu kuna historia ambayo watu wanairuka. Huu mji ulikuwa na kazi kuliko mji wowote wa mrima huu, misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa kutoka Ujiji na Tabora ilikuwa inaishia hapa, wapagazi maelfu, wamisionari wakajenga hapa 1868, hata mwili wa Livingstone mwaka 1874 ulipitia hapa kwenda Zanzibar. Wajerumani nao wakaanzia utawala wao hapa. Mwaka 1891 wakahamishia makao Dar kwa sababu maji yetu ni mafupi, meli kubwa zilikuwa zinatia nanga mbali, Dar kuna bandari yenye kina. 1905 wakaanza reli ya kati, nayo wakaianzia Dar. Hapo biashara yote ikahama na watu wakahama nayo, zikabaki nyumba za mawe na milango yake. Leo mtu anapiga picha ukuta ulioanguka anasema wenyeji wamelala! Na tumaini la karibuni pia lilikwama, bandari mpya ya Mbegani ilisainiwa 2013 na Wachina, 2019 tukasikia imesimama.

Uchawi sitakudanganya, waganga wapo, ila angalia magari yanayopaki kwao, mengi ni ya wageni. Na ngoma kwetu ni elimu, Chuo cha Sanaa kipo tangu 1981, siku hizi kinaitwa TaSUBa, vijana wanatoka mikoa yote kuja kusoma ngoma, maigizo na muziki. La watoto kutosoma ndio kabisa halina msingi, sekondari ya Marian ipo hapa hapa na matokeo yake ya kitaifa kila mtu anayaona.

kijana_wa_tumbi:
Mtoto wa Dunda heshima yako mkuu, umeisemea vizuri Bagamoyo. Sasa niseme ya kwetu.

Kibaha watu wanaijua kwa kupitia dirisha la basi. Wanaona Maili Moja, wanaona Picha ya Ndege, wananunua maji, safari inaendelea Morogoro, basi ndio wameshaijua. Kumbe mji wenyewe haukuanza na stendi, ulikuzwa na shule. Mwaka 1963 nchi za Nordic, yaani Denmark, Finland, Norway na Sweden, zilianza hapa mradi mkubwa na serikali yetu, sekondari, kituo cha afya na chuo cha wakulima vyote sehemu moja, 1970 wakakabidhi na ndio hili Shirika la Elimu Kibaha. Kile kituo cha afya ndicho kikaja kuwa hospitali ya Tumbi. Kwahiyo ni kweli sisi wakuja, hilo sikatai, ila wazazi wetu waliitwa kuja kufundisha na kutibu watu, wakatoka Bukoba, Mbeya, Moshi, wakakuta Wazaramo wenye mikorosho yao wakaishi nao. Mimi nimekulia nyumba za shirika, msiba ukitokea mtaa mzima unalala nje, Muislamu anachota maji kwa Mkristo na Mkristo anabeba jeneza, kwa hiyo anayesema hapa utazika peke yako hajawahi kufiwa Kibaha.

Tena Tumbi ndio inapokea majeruhi wengi wa ajali za barabara ya Morogoro. Ajali ikitokea usiku watu wa hapa wanatoka majumbani kuchangia damu kwa abiria ambao hawawajui majina. Abiria haohao ndio wanasema hatujuani!

Ila dada nikuambie na upande wa pili. Mitaa mipya maneno hayo yana ukweli. Mtu amejenga kakimbia kodi ya Dar, anatoka saa kumi na moja alfajiri kuwahi foleni ya Mbezi, anarudi saa tatu usiku, geti linafungwa, jirani atamjulia wapi?

shemeji_wa_mlandizi:
Naona kila mtu anapamba kwao, mimi nimeishi kote. Bagamoyo vijana wengi wanaondoka, hilo tuseme ukweli, ajira za mshahara ni chache. Kibaha kuna viwanda, maeneo ya TAMCO na Zegereni, kijana akimaliza shule ana pa kugonga mlango. Na kingine, watu wa miji hii miwili hawatembeleani, ni mkoa mmoja lakini wengi wakitaka kwenda upande wa pili wanazunguka Dar, njia ya Makofia kutokea Mlandizi hawaitumii. Kila mmoja anamjua mwenzake kwa maneno ya watu wa Dar waliopita siku moja, Bagamoyo wanakwenda wikiendi wanakuta watu wamepumzika, Kibaha wanapita wana haraka. Ndio maana haya maneno hayafi.

mama_wawili:
Nimewasoma wote mpaka mwisho, ahsanteni sana, hakuna aliyenieleza hivi. Mume wangu anafanya kazi Ubungo, mimi nashona nguo nyumbani. Hapo mnasemaje?

mtoto_wa_dunda:
Hapo dada yangu naipenda Bagamoyo lakini nitasema kweli, Ubungo kila siku kutoka kwetu mzee atachoka, ni kama kilomita 70 mpaka Dar. Angekuwa anafanya kazi Bunju au Tegeta ningekupigania.

kijana_wa_tumbi:
Kibaha ni kama 40 na barabara ni hiyo hiyo moja kwa moja mpaka Ubungo. Ila usinunue kwenye mitaa ya mageti kama unataka majirani, tafuta upande wa Tumbi au Maili Moja ndani ndani kwenye familia zilizokaa muda mrefu, na wewe fundi nguo utapata wateja wa sare za shule mwaka mzima. Njoo kuangalia kipindi cha masika uone maji yanasimama wapi, na kabla ya kutoa hata shilingi moja nenda idara ya ardhi halmashauri wakuoneshe kama kiwanja kimepimwa na ni cha nani. Mwenyekiti wa mtaa pekee hatoshi.

mama_wawili:
Sawa kaka, tutakuja na mzee masika haya. Na Bagamoyo naja hata kama sijengi, nataka wanangu waone huo mwani ukivunwa.

mtoto_wa_dunda:
Njooni siku za bamvua, maji yanatoka mbali sana. Muanzie Mlingotini asubuhi, jioni muende magofu ya Kaole.