Naomba ushauri: miche ya kalistemoni haifuati umbo la mama

Ndugu zangu, salamu kutoka Bukavu. Ninaotesha miti ya mapambo. Kwenye parseli yangu nina kalistemoni, ule mti wa maua kama brashi ya chupa, ya matawi yanayoning'inia (viminalis), na jirani anayo ile inayosimama wima (citrinus). Zimeachana hatua 20 tu, na ndege chozi na nyuki hawaachi kupita kati yake wakibeba chavua.

Kwenye ule wangu nilichuma vile vikombe vigumu vinavyong'ang'ania tawini, nikaviweka juu ya karatasi mpaka vikafunguka na kumwaga mbegu laini kama ugoro. Nikapata miche 60. Leo iko kiunoni, na 9 tu ndiyo inainama kama mama. Mingi imenyooka. Mingine inaanza kuinama, kisha ncha inageuka kutazama juu. Mmoja umejaa matawi tangu chini bila kuguswa na makasi. Huo naupenda mno.

Kwa mpichi najua kuning'inia ni tabia inayojificha: chotara wa kwanza husimama, na wakizaana wenyewe karibu mmoja kwa wanne huning'inia. Kwangu naona ngazi nyingi za katikati, kwa hiyo nashuku jeni ni zaidi ya moja.

Mliokwisha kuzalisha machotara, umbo hutulia mche ukiwa na umri gani? Na huo mmoja nikiuzalisha kwa vipandikizi, nikate ncha ya juu au tawi la pembeni? Mteja ameshaagiza miti 10 ya kuning'inia, sitaki kumpa isiyo yenyewe.