Wakili wa haki za binadamu nimeitwa kuwa msemaji wa serikali: nijipange vipi?

mtetezi_wa_zamu
Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni wakili, kesi zangu nyingi ni za haki za binadamu: watu waliokaa mahabusu bila kufikishwa mahakamani, waandishi waliokamatwa, familia zinazodai fidia kwa ndugu waliouawa na polisi. Nimeitwa, nimeombwa niwe msemaji wa serikali, na jibu linatakiwa ndani ya wiki mbili. Mjadala wa kama ni usaliti nimeshausikia wa kutosha. Naomba mambo ya utendaji: kesi zilizo mkononi nizifanyeje, nidai nini kabla ya kusaini, na watu wa aina yangu hukwamia wapi.

Jalada_Kuu
Wakili msomi, anza na majalada. Malalamiko ya kwanza dhidi yako yatapelekwa kwenye chama chako cha mawakili, na atakayeyapeleka ni mteja wako mwenyewe.

Kabla hujajibu ndiyo, orodhesha kila mteja, wa sasa na wa zamani, ambaye upande wa pili ni serikali au chombo chake. Kwenye kesi zinazoendelea lazima ujitoe, na kujitoa si barua moja. Mjulishe mteja kwa maandishi, mpe nafasi ya kuchagua wakili mwingine, omba ridhaa ya mahakama kama tarehe ya kusikilizwa imeshapangwa, kabidhi jalada halisi kwa hati iliyosainiwa na pande zote mbili, kisha rudisha ada ambayo hujaifanyia kazi kutoka akaunti ya wateja. Kabla ya yote angalia ukomo wa muda. Wakili anaondoka, muda wa kukata rufaa umebaki siku chache, mpokeaji bado anasoma jalada, rufaa inakufa. Hapo hakuna atakayeamini kwamba ilikuwa bahati mbaya.

Malalamiko yaliyoko nje ya nchi husahaulika kwa sababu huchukua miaka. Kama una shauri kwenye Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa au mahakama ya kikanda, nako peleka taarifa ya kubadilisha mwakilishi, pamoja na idhini mpya yenye saini ya mteja. Na usimwachie kesi mshirika wako wa ofisi huku wewe ukiendelea kupata mgao wa faida.

Kuhusu siri: wajibu wa kuzitunza hauishi kesi inapokwisha. Unajua mashahidi wamejificha wapi, na kesho wanaowatafuta watakuwa wenzako kazini. Jiondoe kwenye makundi yote ya ujumbe ya watetezi, ondoa ruhusa zako kwenye hifadhi za pamoja, na simu ya zamani isiingie kabisa kwenye mtandao wa ofisi mpya. Usifute kitu. Kabidhi, kwa sababu kufuta kumbukumbu za mteja ni kosa lingine.

Kipaza_Sauti
Jalada_Kuu kamaliza hilo, mimi niongeze la barua ya uteuzi.

Wengi hudai gari na mshahara, wanasahau kudai kuwepo chumbani maamuzi yanapofanyika. Msemaji anayeambiwa baada ya tukio ni msomaji wa karatasi tu. Dai kwa maandishi: kuhudhuria vikao husika au kupata muhtasari wake siku hiyohiyo, kumfikia mkuu wa serikali bila kupitia watu watatu, jina la mtu mmoja anayeidhinisha taarifa, na muda wa mwisho wa kuidhinisha, na haki ya kusema "bado tunafuatilia" bila mtu kuligeuza jibu hilo nyuma yako. Ambatisha orodha ya mambo usiyoyasemea, yaani kesi zako zote za zamani, na uandike cheo cha msaidizi atakayesimama badala yako. Orodha hiyo iwe na namba za kesi tu, isiwe na maelezo, la sivyo umeshavujisha siri kwa mkono wako mwenyewe.

Sasa kazi yenyewe. Watu wamekufa kwenye operesheni ya usalama. Takwimu ya kwanza utakayoletewa itatoka kwa kikosi kilekile kilichofyatua risasi. Usiisome kama ukweli wa serikali. Taarifa ya kwanza iwe fupi: nini, wapi, lini, idadi iliyothibitishwa, nani kaithibitisha, nini hakijathibitishwa, na saa ya taarifa inayofuata. Kila namba iwe na karatasi nyuma yake yenye saini, tarehe na saa. Bila karatasi, namba haitoki.

Mawakili hushindwa hapa kwa sababu ya mazoea. Mahakamani unasema "mteja wangu anadai", ushahidi unapimwa na jaji, wewe ukitoka hujadhamini kitu. Kwenye kipaza sauti ukisema "hakupigwa", umedhamini wewe, na hakuna wakili wa upande wa pili wa kukurekebisha kabla habari haijaenda hewani.

Ibara_ya_14
Naongezea la dhana ya kutokuwa na hatia. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ibara ya 14(2), unaufahamu. Maoni ya Jumla Namba 32 ya mwaka 2007, ambayo ni ufafanuzi wa ibara hiyo uliotolewa na Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, aya ya 30, yanazitaka mamlaka zote za umma zisitoe kauli zinazothibitisha hatia ya mtuhumiwa kabla ya hukumu. Soma pia shauri la Allenet de Ribemont dhidi ya Ufaransa, Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, 1995. Maofisa wa polisi walimtaja kwenye mkutano na waandishi kuwa kinara wa mauaji, baadaye akaachiwa bila kuhukumiwa, na Ufaransa ikaonekana imevunja Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu. Mkutano mmoja na waandishi ulitosha. Kwa hiyo "tumemkamata muuaji" futa kwenye kila rasimu utakayoletewa, na utaletewa nyingi.

Pia maneno yanaweza kuifunga nchi. Mwaka 1974, kwenye mashauri ya Australia na New Zealand dhidi ya Ufaransa, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilisema kauli za hadharani za rais wa Ufaransa na mawaziri wake, kwamba majaribio ya nyuklia angani yangekoma, ziliifunga Ufaransa kisheria. Wewe si rais, lakini unamsemea. Ahadi yoyote ya aina ya "haitatokea tena" ipite kwa mwanasheria mkuu wa serikali kwanza.

Pilipili_Shambani
Mmempa zana, hamjamwonyesha bei. Mfano upo: Harry Roque wa Ufilipino. Alikuwa wakili wa baadhi ya familia za waandishi waliouawa Maguindanao Novemba 2009, na alifanya kampeni nchi yake ijiunge na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ikajiunga 2011. Oktoba 2017 akateuliwa kuwa msemaji wa Rais Duterte. Machi 2018 serikali ikatangaza kujitoa kwenye mahakama hiyohiyo, na kazi ya kuutetea uamuzi huo ikawa yake. Novemba 2021 aliwania kiti kwenye Tume ya Sheria ya Kimataifa ya Umoja wa Mataifa akakosa, baada ya mawakili wenzake wa nyumbani kumpinga hadharani.

Somo la kiutendaji: kusanya maandishi, mihadhara na hoja zako zote za zamani, uzipange kwa mada. Zipo zitakazosomwa mbele yako. Kwa kila mada amua mapema: bado naamini, nimebadilika na sababu ni hii, au sitaisemea. Ukikuta mada tatu kubwa ziko kwenye fungu la tatu, kazi hiyo haikufai, waambie sasa hivi.

mtetezi_wa_zamu
Nawashukuru. Mawili yamebaki. Leseni niishikilie? Na nikitaka kuondoka?

Jalada_Kuu
Leseni: kanuni hutofautiana, kwa hiyo uliza chama chako kwa maandishi na usubiri jibu la maandishi. Salama zaidi ni kuihamishia kwenye hali ya kutofanya kazi za uwakili, jina litoke kwenye kibao na kwenye karatasi za ofisi kabla ya siku ya kuapishwa.

Kuondoka: andika leo, ukiwa na akili tulivu, mambo yatakayokufanya ujiuzulu. La utesaji halina mjadala. Mkataba wa 1984 dhidi ya Utesaji, ibara ya 2, haukubali udhuru wa vita wala amri ya mkubwa. Nakala moja akae nayo wakili unayemwamini.

Ukirudi kwenye uwakili utakuwa na siri za pande mbili, za wateja na za serikali, na hutaweza kuishtaki serikali kwa jambo ulilolishughulikia. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza weka daftari la vichwa vya mambo uliyoyagusa, tarehe na kichwa tu. Yaliyomo ni mali ya serikali na yanabaki ofisini. Daftari hilo ndilo utakalotumia kukagua mgongano wa maslahi kila mteja mpya anapobisha hodi.